Mengineyo

Akidi ni wajumbe saba. Mpaka saa tatu na robo tulikuwa sita,
na birika la chai, na feni inayolia kila ikifika upande wa dirisha.
Kisha kaja Bwana Ussi, boti ya Unguja ilichelewa Mkoani,
akakaa bila ya kufuta jasho, mwenyekiti akasema Bismillahi.
Mimi ni katibu. Katibu hana kura. Ana kalamu.

Ajenda ya tatu: shahada mpya ya takwimu na kompyuta.
Kurasa themanini na mbili, jedwali juu ya jedwali,
walimu wawili waliopo na wanne "watakaoajiriwa".
Ikapita kabla sambusa hazijapoa.

Ajenda ya nne ilikuwa hesabu tu, walisema.
Mwanafunzi huhitimu kwa krediti mia tatu na sitini,
si zaidi, maana zaidi ni ada, na ada ni ng'ombe wa baba wa mtu.
Ujasiriamali sasa ni lazima kwa kila kitivo,
krediti tisa, na tisa haziingii mpaka tisa zitoke.
Msajili akapitisha kidole kwenye orodha
kama anayechagua mchele,
kikasimama: KIS 214, Lahaja za Visiwani.
Mwaka jana walijiandikisha wanne. Mmoja aliahirisha, alijifungua.

"Halina soko," alisema Bwana Ussi, kwa upole,
na najua ni mtu mwema, alimlipia ada mtoto wa mlinzi wetu.

Hapo Dokta Hadia Shaame akavua miwani.
Miaka kumi na tisa nimemsikia akisema Kiswahili cha redio,
kila kiambishi mahali pake, kimepigwa pasi.
Siku hiyo kikamponyoka cha kwao, cha Micheweni:
"Ntu kaja na maneno yake,
nyiye mwamwambia ayavue mlangoni na viatu?
Akitoka, viatu atavikuta. Maneno je?"

Feni ikafika upande wa dirisha.
Hakuna aliyecheka. Bwana Ussi alitazama soksi zake.

Nami nikaandika, kama nilivyofunzwa:
Mjumbe mmoja alieleza umuhimu wa somo husika.
Nikaisoma tena. Sentensi safi. Haina harufu ya mtu.
Mama yangu, kule Kambini, hasemi mkono,
na siku aliyonifunza kushika kalamu
ulikuwa nkono ulioshika wangu.

Kura. "Wanaoafiki wanyooshe mikono."
Mitano. Wasioafiki, miwili.
Nikahesabu mara mbili, wala si kwa shaka.
Somo liondolewe kuanzia muhula wa Oktoba,
waliokwisha kuanza wamalize kwa utaratibu wa mpito.
Mengineyo: choo cha ghorofa ya juu hakina maji.
Kikao kikafungwa kwa dua.

Usiku nikapiga chapa. Chini ya waliohudhuria
vidole vikaandika vyenyewe: Bw. Ussi kaja saa tatu na nusu.
Nikaliona neno. Nikaenda jikoni kuzima jiko la wali.
Niliporudi lilikuwapo bado,
nikatoa nakala saba.

Miezi mitatu baadaye, kwenye kuthibitisha kumbukumbu,
msajili alikuja na kalamu nyekundu.
"Ukurasa wa kwanza, mstari wa tisa. Kaja isomeke alifika."
Dokta Hadia hakuinua uso, ila miwani
aliivua, akaifuta, akaivaa.
Marekebisho lazima yaandikwe, ndiyo kanuni:
kwanza neno lililokosewa, kisha lililo sahihi,
yote mawili, kwa wino, ndani ya alama za kunukuu.
Nikaandika pole pole.
Ikapita meza nzima, wakatia saini,
Bwana Ussi wa kwanza.
Safari hii kaja mapema.